X: Herufi isiyo na makao katika Kiswahili iliyojenga ulimwengu wa X-Men

KISWAHILI sanifu hakina herufi X. Tahajia iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, haikuipa nafasi, na sababu yake i wazi. Kile ambacho Waingereza hukiandika kwa X ni sauti mbili zilizofuatana, /k/ na /s/, na zote mbili tunazo. Ndiyo maana tunaandika teksi, boksi, faksi, Meksiko na Umaksi, wala hakuna anayelalamika.

Wala si sisi wa kwanza kuitilia shaka. Quintilian, mwalimu wa ufasaha aliyeishi Roma katika karne ya kwanza, aliandika kwamba Kilatini kingeweza kuendelea vizuri tu bila X. Aliihesabu kuwa herufi ya mwisho katika orodha ya Warumi wenyewe, bila kuzihesabu Y na Z zilizokopwa kutoka Kigiriki. Kwa hiyo X imekaa mlangoni kama mgeni tangu zamani: haifukuzwi, haikaribishwi.

Mwalimu mmoja wa shule ya upili ameniuliza swali lililonisukuma kuandika makala haya. Mwanafunzi wake aliandika insha kuhusu X-Men, wale mashujaa wa vibonzo na filamu za Marekani. Mwalimu akashika kalamu nyekundu na kulikata jina hilo kila lilipotokea, kwa hoja kwamba X si herufi ya Kiswahili. Yaani alichora X juu ya X! Mwanafunzi naye akashikilia kwamba ukiiondoa herufi hiyo, hadithi yenyewe haipo. Nani ana haki?

Ningeweza kujibu kwa sentensi moja, lakini ningekuwa nimewapunja wote wawili. Herufi hii imefanya kazi nyingi mno katika ulimwengu ule wa bunilizi ya kisayansi, na kila kazi inamwekea mtafsiri mtego wake. Tena historia yake, amini usiamini, inapitia Malindi.

Tuanze mwaka 1963. Stan Lee, mwandishi, na Jack Kirby, mchoraji, walibuni kundi la vijana waliozaliwa na vipawa vya ajabu. Mmoja anatoa miale machoni, mwingine ana mbawa, mwingine anageuza unyevu wa hewani kuwa barafu. Vijana hawa hawakuumwa na buibui wala kurushiwa kemikali. Walizaliwa hivyo kwa sababu ya mabadiliko katika jeni zao. Kwa istilahi ya kibayolojia, wao ni mutanti. Lee alitaka jarida lenyewe libebe istilahi hiyo. Martin Goodman, mwenye kampuni ya uchapishaji, akakataa akidai wasomaji hawatalijua neno hilo. Lee akarudi mezani na jina jingine, X-Men, na Goodman akalikubali. Toleo la kwanza lilibeba tarehe ya Septemba 1963. Lee mwenyewe alikuja kuchekeshwa na jambo hili: mtu asiyejua maana ya mutanti atajuaje maana ya X-Men?

Maelezo yaliyotolewa ndani ya hadithi ni kwamba vijana hawa wana kitu cha ziada, na Kiingereza kina neno "extra". Hebu tusimame hapo kidogo. Neno hilo halianzi na X bali E. Mzaha unafanya kazi kwa sababu jina la herufi X katika Kiingereza hutamkwa "eks", na sauti hizo ndizo zinazofungua neno lenyewe. Kwa hivyo X ya kwanza katika ulimwengu huu ilikuwa mchezo wa sauti. Na mchezo wa sauti ndio kitu kinachokufa haraka zaidi katika tafsiri. Ukisema "ziada", daraja limevunjika. Mtafsiri mjanja angeweza kutumia Z badala ya X na kutuundia "Wana-Z". Lakini Kenya ya leo ukitamka hivyo, watu watadhani unazungumzia vijana waliojaa barabarani Juni 2024.

Sababu ya pili ya X ni jina la mwalimu wao, Profesa Charles Francis Xavier, anayefupishwa kuwa Profesa X. Anawafunza vijana hao katika jumba lake la urithi katika jimbo la New York, na nje anaonekana kama mwenye shule ya kawaida tu. Hapa ndipo Malindi inapoingia.

Xavier halikuwa jina la mtu hapo mwanzo. Lilikuwa jina la mahali, ngome iliyoko Navarra, kaskazini mwa Uhispania, na asili yake ni lugha ya Kibaski. Maneno mawili, "etxe" na "berri", yana maana ya nyumba mpya. Katika ngome hiyo alizaliwa Francis Xavier mwaka 1506, mmisionari Mjesuiti ambaye baadaye alitangazwa mtakatifu. Alipokuwa safarini kuelekea Goa mwaka 1542, merikebu yake ilitia nanga Malindi, na huko akamzika baharia mmoja. Kanisa dogo la Wareno lililoko Malindi hadi leo linahusishwa na safari hiyo. Kutokana na mtakatifu huyo, familia nyingi za Kikatoliki duniani, zikiwemo za hapa kwetu, zimewabatiza wana wao kwa jina hilo. Waumini wanaoandika Kiswahili humwita Fransisko Ksaveri. Tazama walichofanya: waliitoa X na kuweka KS, kama kanuni inavyotaka, na hakuna aliyeona kwamba mtakatifu amepungukiwa na chochote.

Nashangazwa na jinsi maana ya kale ya jina hilo inavyolingana na hadithi. Mtu anayeitwa "nyumba mpya" anawafungulia mlango watoto waliofukuzwa makwao. Sidai kwamba Lee na Kirby walikijua Kibaski. Majina hubeba historia zake hata wakati mwenye kuyatumia hana habari.

Jina hilohilo pia linatuonyesha jinsi X ilivyo kinyonga. Wareno hulitamka kwa sauti ya sh, "Shavieri". Wahispania walikuwa wakiitamka X vilevile enzi za Francis, kisha sauti ikabadilika na kuwa kama kh yetu ya kheri, na tahajia ikahamia J. Waingereza wengi husema "Zevia". Katika filamu wanasema "Egzevia", ili X isikike. Ndugu zetu Wabantu wa kusini, Waxhosa, wanaitumia herufi hiyohiyo kwa kidoko kinachotolewa pembeni mwa ulimi, na wanaisimu wa dunia nzima wanapoandika [x] katika alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa, wanamaanisha ile kh. Herufi moja, sauti tano au sita. Kwa kweli X haina sauti yake. Ina sauti za wenyeji wake.

Labda ndiyo sababu wanasayansi waliipenda. René Descartes, katika kitabu chake cha jiometria cha mwaka 1637, alizitumia herufi za mwisho za alfabeti, x, y na z, kwa viwango visivyojulikana. Tangu hapo kila mtoto wa shule ametumwa kuitafuta x. Mwaka 1891 Hermann Henking alikuwa akichunguza seli za mdudu kwa darubini, akaona kitu asichokielewa na kukiita X. Hicho ndicho tunachokiita leo kromosomu X. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen alikutana na miale asiyoijua, naye akaiita X. Ndiyo eksirei ya hospitalini. Halafu mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha kwamba miale hiyo ya X, ukiwamulika nayo nzi wa matunda, husababisha mabadiliko katika jeni zao. Kwa maneno mengine, sayansi yenyewe ilikuwa imetumia X kuzalisha mutanti miaka 36 kabla ya Lee na Kirby. Kizazi cha 1963 kilikuwa kimekulia chini ya kivuli cha bomu la atomiki, na toleo lile la kwanza linasema wazazi wa Xavier walifanya kazi katika mradi wa bomu hilo. Msomaji wa wakati huo hakuhitaji kuelezwa mengi. X ilinukia maabara, siri na hatari.

Katika Marekani ya miaka hiyohiyo, X ilikuwa pia juu ya jina la mtu halisi. Malcolm Little alilikataa jina la ukoo wake kwa sababu lilitoka kwa waliowamiliki mababu zake. Mahali pake akaweka X, alama ya jina la Kiafrika lililopotea asilolijua. Oktoba 1964 alifika Afrika Mashariki na kusafiri kwa ndege moja na Jomo Kenyatta na Milton Obote. Hiyo ni X ya Descartes, kitu kisichojulikana, lakini sasa ina machungu ndani yake. Wahakiki wengi wamemlinganisha Profesa X na Martin Luther King, na hasimu wake Magneto na Malcolm. Mimi naona ulinganisho huo ni mwepesi kupita kiasi. Lee alieleza herufi yake kwa ziada na kwa Xavier, si kwa Malcolm. Hata hivyo, herufi ikishatoka mikononi mwa mwandishi, wasomaji huisoma kwa macho waliyo nayo. Msomaji mweusi wa miaka ya 1960 hangeweza kuiona X kifuani pa mtu anayebaguliwa asimkumbuke Malcolm.

Kenya yetu iliingia katika ulimwengu huo mwaka 1975, Len Wein na Dave Cockrum walipolifufua kundi hilo kwa wanachama kutoka nchi mbalimbali. Miongoni mwao alikuwa Ororo Munroe, aitwaye Storm, mwenye uwezo wa kuamuru mvua na radi. Mama yake, kwa mujibu wa hadithi, ni binti wa kifalme kutoka Kenya, N'Dare, na baba yake ni mpiga picha Mmarekani. Xavier anamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua, anamwambia yeye si mungu bali mutanti, kisha anaondoka naye.

Kama mwanafunzi wa lugha, nina neno hapa. Tahajia N'Dare haifuati mwandiko wa lugha yoyote ya Kenya ninayoijua. Sisi tukiweka kibainishi, tunakiweka baada ya ng, kama katika ng'ombe, ili kuonyesha sauti fulani mahsusi. Kibainishi cha N'Dare hakionyeshi sauti yoyote. Ni pambo la kumwambia msomaji kwamba huyu ni Mwafrika. Waandishi walikuwa makini na X yao hata wakaitungia sababu mbili, lakini jina la mama Mkenya walilivika tu kofia ya manyoya. Na bado bahati iliwapendelea. Kiswahili kina kivumishi -ororo, chenye maana ya laini: sauti nyororo, moyo mwororo. Mwanamke anayeita radi ana jina la ulaini! Angetafuta mtunzi wa pwani kinaya kama hicho, angekesha.

Kazi nyingine ya X ni ya namba. Wolverine, au Logan, yule mwenye makucha ya chuma, alipitia mradi wa siri wa kijeshi ulioitwa Weapon X, yaani Silaha X. Barry Windsor-Smith aliusimulia kwa kina mwaka 1991. Kwa miaka mingi wasomaji waliisoma X hiyo kama herufi ya siri. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwandishi Grant Morrison akafichua kwamba kumbe ni namba ya Kirumi. Wolverine ni silaha ya kumi. Ya kwanza ilikuwa Captain America, shujaa wa bendera na uzalendo. Kwa kubadilisha tu namna ya kusoma alama moja, Morrison aliwafunga pingu moja mzalendo na mfungwa wa maabara. Wote ni bidhaa za kiwanda kimoja.

Jonathan Hickman aliuendeleza mchezo huo mwaka 2019 kwa misururu miwili pacha, House of X na Powers of X. Ya kwanza husomwa kwa jina la herufi. Ya pili husomwa "ten", kumi, na hadithi inaruka kutoka mwaka wa kwanza hadi wa 10, wa 100 na wa 1,000. Mhusika mkuu wa siri ni Moira, mwanamke anayekufa na kuzaliwa upya akiwa na kumbukumbu zote, na jina la Moira X linamaanisha kwamba yuko katika maisha yake ya kumi. Katika misururu hiyo mutanti wanajipatia taifa lao katika kisiwa cha Krakoa, na jambo mojawapo wanalolifanya ni kujiundia lugha na mwandiko. Kila ishara ya mwandiko huo inasimama badala ya herufi moja ya Kilatini, na wasomaji walikaa kuzifumbua kama watoto wanaofumbua vitendawili. Watu waliobaguliwa wanapata ardhi, na mara moja wanataka abjadi yao. Hilo si la kubuni hata kidogo.

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu. Mwaka 1981, katika matoleo ya 141 na 142, Chris Claremont na John Byrne walisimulia kuhusu siku za usoni ambapo watu wameainishwa kwa herufi. H ni binadamu wa kawaida. A ni binadamu mwenye kasoro ya kijeni, ambaye haruhusiwi kuzaa. M ni mutanti, na huyo anawindwa na kufungwa. Herufi hiyo imeshonwa kwenye nguo. Miaka kumi baadaye akaletwa Bishop, mwanamume kutoka siku za usoni kama hizo, na kwake M imechorwa usoni, juu ya jicho. Magneto naye, ambaye hadithi inasema aliokoka Auschwitz, ana nambari mkononi. M na nambari hiyo huandikwa na mwenye nguvu juu ya mwili wa mnyonge. X ya kundi la Xavier wameivaa wenyewe.

Mkenya anaielewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Anajua X nyekundu iliyochorwa ukutani alfajiri, na anajua kwamba nyuma yake tingatinga linakuja. Mwenye nyumba hakuulizwa. Lakini X hiyohiyo, mpiga kura akiiweka mwenyewe kwenye karatasi, ni sauti yake. Mistari miwili iliyokatana ndiyo ileile. Tunachopaswa kuuliza daima ni kwamba nani ameshika kalamu.

Sasa jibu kwa mwalimu. Kanuni yako ni sahihi, ila umeitumia pasipo pake. X inapokuwa sauti tu, tuisanifishe bila huruma: eksirei, boksi, Ksaveri. Inapokuwa namba, tuisome kumi, na mtafsiri wa hadithi za Wolverine aamue mapema iwapo ataandika Silaha X au Silaha ya Kumi, kwa sababu akiwahi kuandika Kumi atakuwa ameitoboa siri kabla ya wakati wake. Inapokuwa alama, kama vile kisichojulikana katika hesabu, jina la Malcolm au nembo ya kundi hili, iachwe ilivyo. Hakuna anayemwandika Malcolm Eksi. Kundi lenyewe ningeliita Wana-X, kwa kuwa kiambishi wana- kinabeba maana ya ufuasi na ya uana kwa pamoja, na hao ni wanafunzi walio pia watoto wa nyumba moja. Mwanafunzi wako, kwa hivyo, arudishiwe alama zake.

Kuna msichana mmoja katika ulimwengu huo aliyetengenezwa maabara kwa kunakili jeni za Wolverine. Jaribio lililofaulu lilikuwa la 23, basi wakamwita X-23. Hakuwa na jina jingine. Alionekana kwanza katika katuni za televisheni mwaka 2003, kisha vitabuni, ambako baadaye alipata jina la Laura. Katika filamu Logan ya mwaka 2017, Wolverine anakufa akimtetea, na watoto wanamzika msituni na kumwekea msalaba wa miti. Wenzake wanapoanza kuondoka, Laura anabaki nyuma. Anaung'oa msalaba ule na kuulaza upande, ukawa X. Msichana aliyepewa herufi hiyo kama nambari ya bidhaa ameichukua, na kwa mikono yake mwenyewe ameifanya jina la ukoo.